Kuhusu barua yako ya geti

Umoja, Nairobi

Mpendwa Mwende,

Salamu kutoka huku Umoja. Maji yamerudi, na majirani nao wamerudi kugombania kamba za kuanikia nguo.

Rasimu ya barua yako kwa kamati ya ploti, ya kuwaomba wafikirie upya uamuzi wa kufunga geti saa tatu usiku, nimeisoma. Umeandika "reconsider to close the gate at nine". Kitenzi "reconsider", yaani kufikiria upya, hakifuatwi na "to". Andika "reconsider closing the gate", au bora zaidi "reconsider your decision". Ondoa pia "again", kazi hiyo "re" imeshaifanya. "Revise" usiiguse: hapa Nairobi mtu akiisikia anawaza mwanafunzi anayedurusu kwa ajili ya mtihani wa KCSE. "Recant" nayo ni kukana hadharani ulichoamini, kama Galileo alivyolazimishwa huko Roma mwaka 1633. Mwenyekiti wenu sidhani amefika huko. Na "kindly" moja inatosha, umeitia kila sentensi utadhani ni notisi ya ofisi.

Lakini sarufi si tatizo kubwa. Unaandika kana kwamba wakikubali kufikiria upya tu, geti limeshafunguka. Wapi! Kumbuka Juni 2024, baada ya maandamano, Rais alipokataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Aliurudisha Bungeni ufikiriwe upya, kwa Kifungu cha 115 cha Katiba, akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Mswada ule ulikufa, sawa. Ila Kifungu hichohicho cha 115 kinawaruhusu wabunge kuufikiria upya mswada kisha waupitishe vilevile ulivyokuwa, mradi thuluthi mbili ya wabunge wauunge mkono. Kamati yenu hata thuluthi haiihitaji.

Kwa hiyo wape jambo ambalo hawakulijua walipoamua. Zamu yako inaisha saa tatu kamili usiku, na bado hujapanda matatu: hilo halimo popote kwenye barua, na ndilo lenye uzito kuliko aya nzima ya haki za wapangaji. Anza kwa kukubali kwamba wizi wa nguo ulikuwa wa kweli, maana ndio uliowatia hofu. Kisha usidai geti libaki wazi. Omba funguo kwa wanaofanya kazi za usiku, na uwatafute wenzako wa zamu watie sahihi pamoja nawe.

Ukishaandika upya nitumie niipitie kabla hujaipeleka. Nisalimie mama.

Wako,
Atieno