Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Vitabu na Majina ya Penseli

Eastleigh, Nairobi
2 Agosti 2024

Wapendwa wazazi na walezi,

Hamjambo? Tumefunga salama muhula ambao mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwake. Ripoti zimo ndani ya bahasha. Tutafungua tarehe 26 Agosti.

Kuna jambo linalonong'onwa langoni, na mkutanoni likasemwa wazi: ati watoto wa wageni wanawamalizia wenyeji vitabu. Kweli, Gredi ya 4 kuna kitabu cha Sayansi na Teknolojia kinachosomwa na watoto watano, na aliyeketi ng'ambo ya dawati hukisoma juu chini. Lakini aliyetufikisha hapo si Msomali, si Mkongo, si Muoromo.

Serikali hutoa kapitesheni, yaani ruzuku ya kuendesha shule, ya shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Chaki, karatasi za mitihani, umeme, ukarabati wa vyoo, vyote vinangoja humo. Fedha hizo hufuata UPI, namba ya kumtambulisha mwanafunzi katika NEMIS, mfumo wa Wizara ya Elimu wa kusajili wanafunzi, na mfumo huo hudai cheti cha kuzaliwa. Vitabu navyo huletwa kwa hesabu hiyo hiyo. Asiye na cheti anaketi darasani, anafanya mtihani, anaitikia jina asubuhi, ila kwenye mfumo hayupo. Gredi ya 4 pekee wako 12. Hizo ni shilingi 17,040 zisizofika. Majina yao kwenye rejista yameandikwa kwa penseli, kama watu wa kuondoka kesho, na mmoja wao ninaye tangu PP1, darasa la kwanza la chekechea.

Wapo walionishauri niwarudishe makwao. Sitawarudisha. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa elimu ya msingi bila malipo kila mtoto. Hakikuongeza "wa Mkenya".

Sasa nanyi mliotoka nje. Najua wengine wenu mkisikia neno "karatasi" mnafikiria askari. Mimi ni mwalimu. Mtoto aliyezaliwa hapa, hata kama wazazi ni wageni, anastahili cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Tafuteni ile karatasi mliyopewa hospitalini. Aliyezaliwa nje, leteni kadi ya mkimbizi au karatasi ya usajili wa familia yenye jina lake, tuanzie hapo. Tafadhali msiwape mabroka pesa. Mama mmoja alitoa elfu nne, akaletewa cheti cha mtoto wa mtu mwingine.

Likizoni nitakuwa ofisini kila Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa sita. Atakuwepo mzazi wa kutafsiri Kisomali na Kioromo. Wa Gredi ya 5 waje mapema, maana mwakani ni KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6.

La mwisho: vitabu vya shule vilivyoko nyumbani virudi siku ya kufungua. Nimepitia orodha ya wanaodaiwa, na wengi wao wana namba ya UPI.

Wenu,
Mwalimu Mkuu