Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Burugumesta: Rangi ya Mafuta Isifike Ukutani Jumatatu

Lubumbashi, mwezi wa Oktoba

Mheshimiwa Burugumesta,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako cha kuongoza komini yetu, sehemu hii ya mji. Tangu mwezi wa Agosti nimefika ofisini kwako mara 4 bila kuonana nawe, na barua zangu 3 zilipokelewa zikagongwa muhuri, nakala zake ninazo nyumbani, lakini hakuna hata moja iliyojibiwa. Sikupenda jambo hili tulizungumze mbele ya watu wote. Ila Alhamisi iliyopita, kabla ya saa 12 asubuhi, wafanyakazi 6 walishuka kwenye gari wakiwa na ngazi na mapipa ya chokaa mbele ya ukuta wa shule ya mtaa wetu, na wamama wa vitumbua walipomaliza kuwasha mbabula zao, yaani majiko ya makaa, mita 29 kati ya mita 40 za mchoro wetu zilikuwa zimeshageuka nyeupe.

Aliyeniletea habari ni mtoto wa miaka 11. Alikuja mbio bila viatu, akaninyoshea viganja vyake, navyo vilikuwa vyeupe mpaka kwenye vifundo. Alikuwa amejaribu kufuta chokaa kwa mikono mahali palipokuwa na samaki aliyemchora mwezi wa Julai. Sikuwa na neno la kumwambia, nikamnawisha tu.

Mheshimiwa, ukuta huo unaujua. Siku ya kufunga kazi ulifika wewe mwenyewe, ukapanda juu ya kiti cha plastiki tulichokuwa tumekiazima kwa jirani, ukaweka mkono wako ukutani na kusema, tena kwa Kiswahili ili wamama wote wasikie, kwamba kuanzia siku hiyo mchoro huo ni mali ya komini na hakuna atakayeugusa kabla ya kuwauliza waliouchora. Uliahidi pia mfereji wa kupitisha maji ya mvua chini ya ukuta, na uliahidi barua ya komini ya kuwaunga mkono vijana wetu 5 wanaotakiwa kwenda kwa wenzao wa Ubelgiji na Zambia waliokuja kuchora nasi, ili mabadilishano haya yawe na njia mbili. Watu walipiga vigelegele. Mfereji haukuchimbwa, barua haikuandikwa, na kuhusu ukuta hakuna mtu aliyeulizwa.

Mimi ni mchoraji wa vibao. Kwa miaka 24 nimeandika majina ya saluni, maduka ya dawa, karakana na makanisa ya mji huu, na ukuta naujua kama mshonaji anavyojua kitambaa. Ndiyo maana kamati ya mtaa iliniomba niwaongoze kwa wiki 3 vijana waliouchora ukuta huo. Wageni walikuwa 15: 8 walitoka Liège, mji wa Ubelgiji wenye undugu na Lubumbashi, na 7 walitoka Ndola, Zambia. Mtaa ulitoa vijana 12. Wengi wao walidhani siku ya kwanza wataanza kuchora, lakini siku 5 za mwanzo hakuna aliyefungua mkebe wa rangi. Tulikwangua rangi ya zamani kwa panga zilizokwisha makali, tukasugua chumvi iliyokuwa imetoka kwenye matofali kwa brashi za waya, tukaziba nyufa, tukaosha ukuta mzima kwa maji yaliyochotwa kisimani na kupitishwa kwa mabidoni kutoka mkono hadi mkono. Baada ya hapo tulipiga mistari ya miraba kwa uzi uliopakwa unga wa makaa: mmoja anashika ncha ya huku, mwingine ya kule, wa tatu anauvuta katikati na kuuachia, uzi unagonga ukuta na kuacha mstari mweusi ulionyooka. Wale wa Liège hawakuwa wamewahi kuona jambo hilo. Walipojua kulifanya walitaka wapige mistari yote wao.

Nasema haya kwa sababu nimesikia kwamba ofisini kwako kazi hiyo imeitwa mchezo wa watoto na wazungu. Haikuwa mchezo. Mji huu ni mji wa wachoraji, na mtu anayeongoza komini yake anapaswa kulikumbuka hilo. Mwaka 1946, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar, na humo walitoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Bela Sara aliyechora kwa vidole, na Mwenze Kibwanga aliyejaza picha nzima kwa vistari vifupi vinavyokutana. Kazi zao zilivuka bahari. Mwezi wa Julai niliwaonyesha vijana namna hizo 3, kila mmoja akachagua yake, na ndiyo sababu upande wa kushoto wa ukuta ulikuwa umejaa samaki wenye magamba ya nukta nukta, na katikati kulikuwa na miti iliyopakwa kwa ncha za vidole vya watoto wa darasa la 4.

Katika ukuta mzima ulipita mnyororo mmoja wa misalaba ya shaba, ile iliyotumika kama fedha katika nchi hii kwa karne nyingi kabla ya franka yoyote kufika. Wazo hilo lilitoka kwa vijana wenyewe, baada ya kutembelea makumbusho ya taifa hapa mjini. Kijana mmoja wa Ndola alisema misalaba ya namna hiyo imefukuliwa hata kwao, mahali panapoitwa Ingombe Ilede, na wenzake wote wakanyamaza kidogo, kwa maana walielewa kwamba kabla ya mpaka wa Kasumbalesa kati ya Kongo na Zambia, na kabla ya reli iliyofika hapa kutoka kusini mwaka 1910, shaba ilikuwa imeshawakutanisha wazee wao na wazee wetu. Tukakubaliana kila msalaba uchorwe na watu wawili, mwenyeji na mgeni. Ilikuwa misalaba 54. Vijana wa Zambia walizungumza Kibemba na wamama wetu kana kwamba wamekulia hapa, na wale wa Liège, waliokulia katika mji wa makaa na chuma, hawakuhitaji kuelezwa maana ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba linaloonekana kutoka kila mtaa.

Mita 11 za mwisho, upande wa soko, zilichorwa na wamama. Hao hawakutaka rangi ya dukani. Mmoja wao ana ndugu Makwacha, kijiji kisicho mbali na mji huu ambako kila kiangazi wanawake huchora kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali, naye akawafundisha wageni kuchekecha udongo mwekundu na wa manjano kwa kitambaa, kuusaga, kuukoroga na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ushike, na kuupaka kwa kiganja kilicho wazi. Ukisimama karibu na sehemu hiyo asubuhi, jua likiwa bado chini, unaona alama za vidole vya kila mtu, na wamama wanajua kidole kipi ni cha nani. Sehemu hiyo ndiyo pekee iliyobaki. Chokaa yao iliishia hapo.

Mheshimiwa, kwa nini? Watu wanasema mengi, nami nabaki kukisia. Wapo wanaosema wageni wakubwa watapita barabara hiyo mwisho wa mwezi na kwamba iliamriwa kila ukuta uwe mweupe. Wengine wanasema kuna tangazo la biashara litakalowekwa hapo, na kwamba mahali pameshalipiwa. Wapo pia wanaonong'ona kwamba iliyochukiza ni picha ya mtoto aliyebeba gunia la mawe, karibu na lango la shule. Nadhani sababu hii ya mwisho ina ukweli, kwa maana wafanyakazi walianzia hapo, si mwanzo wa ukuta. Picha ile ilichorwa na msichana wa mtaa wetu ambaye kaka yake mdogo aliacha shule akaenda kuosha mawe ya madini. Hakumtukana mtu. Alimchora kaka yake. Kama picha hiyo ilikukwaza, ungeniita, nami ningekuja hata usiku, tukazungumza na msichana na mama yake. Mita 29 haziwezi kufutwa kwa ajili ya gunia moja.

Nieleze na hali yangu, si kwa kutafuta huruma, bali kwa sababu neno lako ndilo lililonifikisha hapa. Wageni walileta rangi za akriliki. Chokaa ya kuandalia, saruji ya kuziba nyufa, mchanga, kukodi ngazi na unga wa bukari (ugali) wa kila mchana vilitoka hapa, na kwa kuwa ulisema mbele ya watu kwamba komini itachangia, nilikopa. Ninadaiwa dola 180 na muuza rangi ambaye alikuwa rafiki yangu, na sasa napitia njia nyingine nisionane naye. Vijana 3 wa Ndola walilala nyumbani kwangu, na watoto wangu walilala chini kwa wiki 3 bila kulalamika. Kwa wiki hizo 3 sikuandika kibao hata kimoja. Leo majirani wananiuliza nilikula kiasi gani cha pesa za wazungu, na wapo waliosema, baada ya Alhamisi, kwamba lazima na mimi nimeuza ukuta. Mke wangu anasikia maneno hayo sokoni kila siku. Mtu ambaye kazi yake yote hutegemea kuaminiwa na wenye maduka hawezi kuishi muda mrefu na maneno ya namna hiyo.

Na wapo wazazi wa wale vijana 5. Mama mmoja aliuza cherehani yake ili alipie pasipoti ya mwanawe, kwa kuwa alikusikia kwa masikio yake ukisema barua itatoka ndani ya wiki 2. Wenzetu wa Liège wameandika mara 2 kuulizia barua hiyo, maana bila hiyo hawawezi kukamilisha mwaliko, na wale wa Ndola wanatungoja vilevile. Mabadilishano ambayo upande mmoja unakuja na upande mwingine hauondoki yanawaambia vijana wetu kwamba kazi yao ni kupokea wageni, kubeba maji na kupigwa picha. Sitaki binti yangu ajifunze hivyo. Ndiyo, binti yangu ni mmoja wa hao 5, sifichi.

Barua hiyo naiomba bado, na mfereji pia naukumbuka. Deni nitalilipa, hata kwa kuandika vibao usiku. Lakini leo nina ombi moja ambalo haliwezi kungoja, na naomba ulisome kama neno la fundi.

Wafanyakazi walimwambia mlinzi wa shule kwamba watarudi Jumatatu kumalizia upande wa soko, na kwamba juu ya chokaa watapaka rangi ya mafuta. Mheshimiwa, chokaa iliyopakwa juu ya akriliki haishiki vizuri, kwa sababu rangi ile haiinywi. Inakaa juu kama unga juu ya sahani. Jumamosi iliyopita nililowesha sehemu ndogo kama kitabu kwa maji matupu, nikaipitishia brashi laini, nikaona jicho la samaki na nukta 3 za magamba yake zinarudi. Msalaba mmoja umerudi pia, na vidole vya wale wawili waliouchora vimo bado. Kila siku inayopita chokaa hiyo inazidi kukomaa na kazi inazidi kuwa ngumu, lakini leo inawezekana. Rangi ya mafuta ikishapita juu yake, haiwezekani tena: dawa ya kuiondoa itaondoa na mchoro. Na zile mita 11 za wamama haziwezi kuokolewa kwa namna yoyote zikifunikwa hata kwa chokaa tu, kwa maana udongo na uji wa muhogo havivumilii maji. Ukiziosha, unaziosha zote.

Kwa hiyo naomba siku 3. Sihitaji franka moja ya komini. Brashi ninazo, mabidoni yapo, vijana 12 wamesema watakuja baada ya masomo, na wamama wameahidi kutuletea maji. Kama wageni wako wakubwa wanapita, tutafanya kazi kabla ya mapambazuko na kusafisha barabara baada yetu. Kama picha ya gunia ndiyo tatizo, tutaiacha chini ya chokaa mpaka utakapokuwa tayari kukaa na mama wa yule msichana, ingawa nasema hivyo kwa uchungu na bado sijathubutu kumwambia.

Simu moja tu kwa mkuu wa wafanyakazi inatosha. Kesho saa 11 asubuhi nitakuwa mbele ya ukuta, upande wa soko, na nitakuwa hapo pia kesho kutwa na Jumatatu. Nakuomba, Mheshimiwa, waambie wasije Jumatatu. Tupe siku 3 tuoshe ukuta.

Wako kwa heshima,

Mchoraji wa vibao, mkazi wa komini yako