Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mzigo wa ushahidi katika kesi za silaha bila kibali

Wababa na wamama, ndugu wanachama wa Katuba, Kenya na Rwashi, komini zetu za Lubumbashi,

Michango iliingia vizuri. Mtunza hazina atawasomea hesabu. Mimi naomba niseme juu ya kesi za silaha, maana mnaniuliza hata nikiwa sokoni.

Kijana wetu wa Katuba alikamatwa kwa sababu ya bastola iliyokutwa ndani ya mfuko wa simenti, juu ya dari ya choo kinachotumiwa na wapangaji wote wa parseli, yaani kiwanja chenye nyumba zao. Yeye ndiye aliyekutwa nyumbani. Mama yake akaanza kuzunguka kwa majirani akitafuta watu wa kuapa kwamba mtoto hana bunduki. Nilimwambia: mama, mzigo huo si wako. Kifungu cha 17 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho imtie hatiani, na tena mtu hakamatwi kwa kosa la mwingine. Ni juu ya mwendesha mashtaka kuonyesha kwamba kijana aliijua silaha ile na kuiweka yeye.

Avoka, yaani wakili wake, aliomba PV, karatasi rasmi ya maelezo, ya kukamata silaha. Namba ya bastola haikuandikwa. Mahali pa sahihi ya mwenye parseli palikuwa patupu. Bastola yenyewe haikuletwa mbele ya majaji. Palipo na shaka, shaka humfaidi mshtakiwa; kwa hiyo kijana aliachiliwa. Lakini alishamaliza miezi saba katika gereza la Kasapa, na miezi hiyo hakuna wa kumrudishia. Inaniuma mpaka leo.

Raia akishtakiwa kwa silaha ya vita anapelekwa kwa majaji wa kijeshi, kufuatana na sheria za Novemba 2002. Familia ikisikia neno oditora, yaani waendesha mashtaka wa kijeshi, inakata tamaa. Msikate tamaa: hata huko anayeshtaki ndiye anayethibitisha. Mwenye kibali, yeye akitoe mapema.

Kinachotuumiza zaidi ni sahihi. Wanachama wawili walitia sahihi PV ya Kifaransa bila kusomewa, na mahakamani karatasi hiyo ikatumika dhidi yao. Kifungu cha 18 kinataka mtu aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Basi mwambieni afande kwa heshima: nisomee kwa Kiswahili kwanza. Akikataa, kalamu ibaki mezani.

Naomba mkutano upitishe sehemu ya michango iwe nauli ya avoka kwenda Kasapa kila wiki.