Nia za sala si mahali pa kumtangaza mtu

Wanangu, viongozi na wanajumuiya wa huku Ndanda na vijiji vya jirani, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia kwa uchungu. Sala ya jumuiya inafika kwenye nia, mtu anafumba macho na kuomba: "Tumwombee mama yetu mjane wa kule juu, aliyeuza korosho kwa kangomba, Mungu ampe uvumilivu." Kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi nje ya mnada kwa bei ya kutupa. Na mjane mwenyewe amekaa mkekani hapo hapo! Jina halikutajwa, sawa, lakini jumuiya ya nyumba 12 ina wajane wangapi wa kule juu? Kabla ya jioni habari iko gulioni. Ule ni umbea uliovishwa rozari.

Kabla ya kumwombea mtu hadharani, mfuate umuulize: nikutaje, au nikuombee kimya kimya? Akikataa, mwombee nyumbani kwako. Akikubali, taja shida, chanzo kiache. "Ana mgonjwa" inatosha. Ugonjwa gani, ameupata wapi, pesa zimeishia wapi, hayo hayamhusu mtu mwingine.

Na kama kweli amekosa, Mathayo 18, mstari wa 15 hadi 17, imepanga hatua. Kwanza wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Akiwakatalia hao, ndipo kanisa. Sisi tunaanzia hatua ya tatu! Anayekemewa mbele za watu hushughulika kuficha aibu yake, toba haipati nafasi, na wiki inayofuata haji tena.

Mngemfuata mngejua kwa nini aliuza. Agosti ndani hamna kitu, minada inangojewa mpaka Oktoba, malipo ya chama cha msingi cha ushirika nayo yana siku zake, na mtoto anaumwa leo. Mnunuzi wa kangomba anayajua yote hayo, ndiyo maana hupita wakati huo. Huyo akitoa mchango mnono anapewa kiti cha mbele, na hakuna anayemtaja kwenye nia. Kwa mjane ulimi wetu ni wembe, kwa mwenye pesa tunameza mate. Yakobo aliwakemea watu wa namna hii katika sura ya 2: mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame pale.

Mengine kwa kifupi. Msibani toa pole, kaa, chota maji. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku 7 bila kusema neno, wakaja kuharibu walipoanza kumhubiria. Usimwambie mfiwa kwamba Mungu amempenda zaidi marehemu. Sauti uliyorekodi kwa hasira usiitume kwenye grupu. Watawa Wabenedikto wako hapa Ndanda tangu 1906, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto wanayoishika, sura ya 6, inafundisha kwamba hata maneno mema mara nyingine yaachwe kwa ajili ya ukimya. Sembuse maneno ya kuwasema watu.

Sasa huyu mama. Aende mtu mmoja tu, yule yule aliyetamka ile nia, aombe radhi akilitaja kosa lake waziwazi, bila "lakini". Siku hiyo asibebe kitu, maana mama akishapokea unga atajiona hana budi kusamehe. Unga ufuate wiki nyingine, kilo mbili kila nyumba, upelekwe na mtu mmoja jioni, bila kupiga picha.