Nyonga inayouma isitibiwe kwa vidonge peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maumivu ya nyonga, ambayo hapa Dodoma wengi wetu huyatuliza kwa vidonge vya duka la dawa, au huyaita uzee na kuyaacha hapo.

Kiungo chenyewe cha nyonga kikiwa na hitilafu, maumivu kwa kawaida husikika kwenye kinena, na wakati mwingine hushuka hadi gotini. Yale ya pembeni, yanayomnyima mtu usingizi akilalia upande huo, mara nyingi hutokana na kano za misuli ya makalio, na yale ya nyuma huenda yanatoka mgongoni. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hupima mwendo, nguvu na mgongo kabla ya kutoa zoezi lolote. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya makalio na mapaja huongezwa polepole kwa wiki kadhaa, na mkulima wa zabibu wa Hombolo hahitaji kulala kitandani kutwa, jambo ambalo huidhoofisha zaidi misuli hiyo. Fimbo nayo (wengi hukosea hapa) hushikwa kwa mkono wa upande usiouma.

Hata hivyo, mzee aliyeanguka akashindwa kukanyaga, mwenye maumivu pamoja na homa, au mgonjwa wa selimundu, ambaye kichwa cha mfupa wa paja lake kinaweza kukosa damu na kuharibika, aanzie kwa daktari.

Naomba vituo vya afya vya vijijini vipatiwe wataalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa tiba ya kurudiwa kila wiki haimfai mgonjwa anayelazimika kupanda basi hadi mjini.

Msomaji wako,
Kizota, Dodoma