Barua ya wazi kwa vijana wa mtaa wetu: kadi mnayo, majina yenu hayakuwepo

Wanangu na wajukuu zangu wa kijiweni, wa gereji, wa saluni, na ninyi mliopanga vyumba huku juu mlimani kwenye mawe,

Nawaandikia nikiwa nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha. Jumapili mlikuja kwangu kundi zima, pikipiki zikaziba njia mpaka jirani akashindwa kupita na ndoo yake ya maji. Mlikuja kulalamika kwamba kiwanja cha mpira kimepigwa vigingi na watu wanataka kujenga fremu za maduka. Mkasema mwenyekiti wa mtaa hasikilizi mtu, kamati yake imepitisha jambo bila kuitisha mkutano wa wakazi, na mkaniomba mimi mzee niende nikawasemee. Nimekubali, nitakwenda. Lakini niliwauliza swali moja kabla hamjaondoka: Novemba 27 mwaka 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, nani kati yenu alipiga kura? Mkaanza kutazamana. Wawili wakainua mikono. Wawili, katika kundi lililojaza uwanja wa nyumba yangu!

Kilichoniudhi zaidi ni majibu ya waliobaki. Mmoja alikuwa safarini, hilo nalielewa. Mwingine akasema yeye ni mpangaji tu. Na wengi, wengi mno, mkatoa kadi za mpiga kura mifukoni mkanionyesha. "Babu, mimi kadi ninayo, ila nilivyofika wakaniambia jina halipo." Mkayasema hayo kama watu waliodhulumiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ugonjwa.

Kadi ile mmepewa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Inatokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na kazi yake ni uchaguzi mkuu: rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa mtaa hachaguliwi kwa daftari hilo. Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), na una orodha yake, inayoandikwa upya kila unapofika, mtaa kwa mtaa, kitongoji kwa kitongoji. Hupewi kadi. Unakwenda kwenye kituo cha mtaa unaoishi, unataja jina, umri na makazi, unaandikwa, basi. Mwaka 2024 kazi hiyo ilichukua siku kumi, kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Asiyeandikwa katika siku hizo hakuwa na kura Novemba 27, hata awe na kadi ya Tume, kitambulisho cha NIDA na hati ya kusafiria kwa pamoja.

Siku ile nilikuwa kwenye foleni tangu asubuhi. Mbele yangu alisimama mmoja wenu, jina lake nalihifadhi. Zamu yake ilipofika akatoa kadi kwenye kava la simu, akaiweka mezani kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Karani akashika rula, akaishusha kwenye orodha jina baada ya jina, akafunua ukurasa, akarudi nyuma, akamuuliza jina la baba. Akashusha tena rula. "Mdogo wangu, humu haumo." Kijana akaigeuza kadi, akamwonyesha picha: huyu si mimi? Ni wewe, karani akasema, ila hii ni ya uchaguzi mwingine. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna kwamba foleni haiendi. Kijana akatoka anapaza sauti kwamba ameibiwa kura, na mpaka leo kijiweni anasimulia hivyo, na wadogo zake wanamsikiliza na kuamini.

Mjukuu wangu, hukuibiwa. Hukujiandikisha. Ningependa ukawaambie wenzako hivyo hivyo, kwa sababu habari unayoisambaza itawafukuza wengine kituoni uchaguzi huu utakaporudi mwaka 2029.

Lakini haki lazima isemwe pande zote. Serikali nayo ilitukoroga. Hapa Mwanza watu wa Tume walipita mwezi Agosti 2024 kuboresha Daftari, watu wakapanga foleni, wakapigwa picha, wakapewa kadi. Wino wa tangazo haujakauka, Oktoba linakuja gari jingine la matangazo linasema tena "jitokezeni kujiandikisha". Mtu aliyeshinda juani Agosti akisikia neno lile lile miezi miwili baadaye atasema nini? Atasema mimi tayari. Mama muuza dagaa kule mwaloni atajuaje kwamba kuna Tume na kuna TAMISEMI, kama hakuna aliyekaa naye akamweleza kwa utulivu? Wapo waliokwenda hadi mahakamani wakitaka uchaguzi huu usisimamiwe na TAMISEMI. Kesi haikufanikiwa na TAMISEMI ikausimamia. Mimi msimamo wangu ni kwamba daftari moja lingetosha. Mpaka siku hiyo ifike, orodha ni mbili, na kujua hivyo ni wajibu wako wewe unayeshinda na simu mkononi kutwa nzima.

Na viongozi wa dini, walimu, sisi wazee wa mtaa: tunatangaza harusi, misiba na michango kila wiki. Siku zile kumi za Oktoba ni wangapi tulisimama baada ya ibada tukasema kwa sauti kwamba kadi ya Agosti haitatumika Novemba? Mimi nilisikia mahali pamoja tu.

Nije kwa wewe uliyesema ni mpangaji. Nani alikuambia kura ya mtaa ni ya wenye nyumba? Masharti ni machache. Uwe raia wa Tanzania. Uwe umetimiza miaka 18. Uwe na akili timamu. Uwe mkazi wa mtaa huo, na uwe umejiandikisha hapo. Hakuna panaposema hati ya kiwanja. Hakuna panaposema kabila wala kwenu ni wapi. Mnaniambia "kwetu ni Sengerema", "kwetu ni Kwimba", wakati mna miaka hapa, mnalipa kodi ya chumba hapa, watoto wenu wanasoma hapa. Mtaa ukikosa ulinzi wa usiku, mlango unaovunjwa si wa Sengerema. Mwanafunzi aliyepanga Malimbe naye ni hivyo hivyo: anakoishi ndiko anakoandikwa. Ila chagueni mahali pamoja tu. Kuandikwa hapa na kuandikwa kijijini ni kosa, msije mkasema babu aliwatuma.

Akina dada, neno lenu. Wengi mlijiandikisha kuliko kaka zenu, nimeona foleni. Lakini siku ya kupiga kura baadhi yenu mlipewa maelekezo nyumbani. Karatasi ile unaiwekea alama peke yako, na hakuna mume anayeingia nawe pale. Sina zaidi ya hilo.

Mnaidharau kura hii kwa sababu mnadhani mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa kupiga mihuri. Sawa, tuanze na huo muhuri. Umekamatwa ndugu yako, unataka kumwekea dhamana: barua ya mtaa. Unafungua akaunti benki: barua ya mtaa. NIDA, mkopo wa chuo, mirathi ya marehemu baba yako: mtaa, mtaa, mtaa. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyositishwa 2023 ikarudi 2024, asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Kikundi chenu cha bodaboda mliposema mnaitaka, nani wa kwanza kusema kwamba anawatambua? Na kwa ndugu zenu walioko vijijini jambo ni zito zaidi, kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wa kuidhinisha igawiwe nani. Wajumbe wa halmashauri hiyo wanapatikana kwa uchaguzi huu huu. Kijana anamjua mbunge wake mpaka rangi ya gari, lakini mjumbe aliyekaa kwenye kikao cha shamba la babu yake hamjui.

Msichanganye pia mwenyekiti na mtendaji. Mwenyekiti mnamchagua ninyi, kwa miaka mitano. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa, hapigiwi kura. Diwani ni wa kata nzima, na yeye huchaguliwa kwa kadi ya Tume, siku moja na rais.

Najua kuna wale wanaokaa kimya nikisema haya, halafu nikiondoka wanasema mzee anaota, matokeo hupangwa. Nanyi nawajibu, kwa sababu hamsemi upuuzi. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kuambiwa wamekosea kujaza fomu, na vyama kadhaa, CHADEMA kikiwa cha kwanza, vikajitoa. Sehemu nyingi watu walipita bila kupingwa. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, na chama tawala, CCM, kikatangazwa kushinda karibu asilimia 99 ya viti vya wenyeviti. Mtu akinyimwa mgombea wake halafu akaambiwa aende kuchagua, ana haki ya kuchukia. Nchi inayowajazisha watu fomu ngumu kiasi kwamba mgombea anaondolewa kwa jina la kijiji lililokosewa herufi haijawatendea haki wapiga kura wake, na waliokaa ofisini wakafanya hivyo wanajua walichofanya.

Lakini tazameni hapa kwetu. Mtaani kwetu wagombea walikuwa wawili, kampeni zilikuwa siku saba, Novemba 20 hadi 26, na wote wawili walipita kijiweni kwenu kuomba kura. Mliwasikiliza, mkawapigia makofi, mkanywa soda. Mmoja wao alisema waziwazi kwamba kiwanja hakiguswi. Alishindwa kwa kura chache kuliko idadi ya pikipiki zilizoegeshwa kwangu Jumapili. Hapo TAMISEMI haikuhusika, Tume haikuhusika. Hapo ni ninyi. Msitumie dhuluma ya kweli iliyotokea kwingine kufunika uvivu wa hapa.

Ambaye hajawahi kupiga kura hii asione aibu kuuliza, si jambo gumu. Baada ya kuandikishwa, orodha hubandikwa. Nenda ukasome jina lako kwa macho yako, na likiwa limekosewa sema wakati huo, usisubiri siku yenyewe. Novemba 2024 vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Nenda na kitambulisho chochote ulicho nacho. Utapewa karatasi ya mwenyekiti na karatasi za wajumbe wa kamati, wakiwamo wa kundi la wanawake. Wengi huweka alama kwa mwenyekiti tu na wajumbe wakawaacha, wakati kamati ndiyo inayopitisha mambo. Weka alama ya vema kwenye nafasi ya unayemtaka. Usiandike jina lako wala matusi, usiweke alama kwa wawili pale anapotakiwa mmoja. Kunja, tumbukiza, ondoka. Bibi asiyeona vizuri anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini.

Na wenye miaka 21 na kuendelea wanaweza kugombea, ilimradi wawe wanachama wa chama kinachowadhamini na wajue kusoma na kuandika, kwa sababu mgombea binafsi hatuna. Kaka mkubwa wa kijiwe, wewe unayepanga zamu za abiria bila ugomvi na kutunza mfuko wa rambirambi mpaka senti ya mwisho, kwa nini hukuchukua fomu? Kila mtu mtaani anajua huibi. Nimekuuliza ana kwa ana ukacheka. Nakuuliza tena hapa mbele ya wenzako.

2029 iko mbali na sitaki mkae mkiisubiri. Mkutano wa wakazi una nafasi kwa kila mkazi mwenye miaka 18, awe alipiga kura au hakupiga, na humo mwenyekiti anatakiwa kusoma mapato na matumizi na kuulizwa maswali. Mimi huwa naona wazee na akina mama, na viti vya nyuma vitupu. Njooni. Ombeni muhtasari wa kikao cha kamati kwa mtendaji, kwa maandishi, mkibaki na nakala.

Na kadi ya Tume msiisahau; zamu yake ilikuwa Oktoba 2025. Aliyeandikishwa Daftari la Kudumu akiwa Geita machimboni na sasa anaishi hapa, taarifa zake bado ziko Geita mpaka azihamishe. Aliyepoteza kadi aombe nyingine. Aliyetimiza miaka 18 na hakujiandikisha hayumo kabisa. Ratiba za Tume hubandikwa ofisi ya kata. Aliye karibu na ofisi hiyo apite zinapotoka, asome, apige picha kwa simu, aitume kwenye kundi lenu la WhatsApp, ile sehemu mnayotumiana matokeo ya mpira.

Ni mimi babu yenu,
Mwanza