Kabla Hujawa Lupita

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko kwa shangazi yako? Sisi huku tu wazima, shukrani kwa Mungu. Baba yako anakusalimu, ingawa bado amenuna kidogo, na sababu unaijua.

Ujumbe wako niliusoma mpaka mwisho. Unasema matokeo yako ya KCSE yanakuruhusu kuingia chuo, na badala ya uhasibu unataka uigizaji, na kila aya unamtaja mwigizaji Lupita Nyong'o kana kwamba ni jirani yetu. Nimeona nikujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu utanikatiza, mimi nitapandisha sauti, na baba yako ataomba apewe simu.

Sikukatazi. Soma barua hii ukijua hivyo tangu mwanzo. Ila Lupita unayemjua wewe naona ni yule wa usiku mmoja: tarehe 2 Machi 2014, gauni la samawati iliyopauka, sanamu ya Oscar mkononi, na yale maneno kwamba popote ulipotoka, ndoto zako ni halali. Huku kwetu ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, na ofisini hakuna aliyegusa kazi kabla ya chai ya saa nne. Mkenya wa kwanza kuichukua tuzo ile! Lakini mimi nilichokishika ni maneno aliyoanza nayo, yale ambayo watu hawayachapishi kwenye fulana: kwamba furaha nyingi ya maisha yake imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine. Alikuwa akimkusudia Patsey, mtumwa wa kweli aliyeishi Louisiana katika karne ya 19, ambaye yeye alimwigiza katika filamu ya 12 Years a Slave.

Hiyo 12 Years a Slave, umeitazama yote au umeona vipande tu? Itazame yote, mchana, shangazi yako akiwepo. Fika pale Patsey anaporudi kutoka shamba la jirani na bwana wake amewaka kwa hasira. Alikuwa amekwenda kuomba sabuni. Kipande kidogo tu. Anamwambia yule bwana kwamba anavuna ratili 500 za pamba kila siku ya Mungu, kuliko mwanamume yeyote pale shambani, na anachotaka ni kuwa safi, maana harufu yake mwenyewe inamtia kichefuchefu. Msikilize sauti. Haombi huruma, anadai haki yake, huku akijua kabisa kwamba atachapwa. Mtu hafiki pale kwa kuwa na sura nzuri.

Na hakufika jana. Siku moja kabla ya tuzo alikuwa ametimiza miaka 31. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akifundisha huko wakati ambapo siasa za hapa zilikuwa hazimwachi msomi akapumua. Walirudi Kenya angali mchanga. Akiwa na miaka 14 alicheza nafasi ya Juliet, katika Romeo and Juliet, na kundi la Phoenix Players hapo Nairobi. Kisha akaenda Marekani, chuo cha Hampshire, akasomea filamu. The Constant Gardener ilipokuja kupigwa hapa Kenya, alikuwamo, lakini mbele ya kamera hakuwapo: alikuwa miongoni mwa vijana wa kukimbiakimbia, wa kutumwa huku na kule. Ralph Fiennes, aliyekuwa nyota wa filamu ile, alimwuliza anataka kufanya nini maishani. Alipomjibu kwamba anataka kuigiza, yule mzee akamwambia aingie tu kama anaona hawezi kuishi bila hiyo kazi. Si jibu la kumtia binti moyo, lakini ndilo jibu ambalo na mimi ningekupa.

Mwaka 2009 alikuwa na filamu yake ya hali halisi, In My Genes, kuhusu watu wenye ualbino hapa Kenya, na mwaka huohuo akaonekana kwenye Shuga, ule mfululizo wa MTV uliopigwa Nairobi. Ndipo akaenda Yale kusomea uigizaji hasa, miaka mitatu, akamaliza 2012. Nafasi ya Patsey aliipata akiwa anakaribia kuhitimu. Hesabu mwenyewe, kutoka Juliet hadi Patsey.

Tusidanganyane pia, mwanangu. Baba yake ni profesa, amekuwa waziri, akawa seneta, sasa ni gavana wa Kisumu. Mtoto wa nyumba ile akianguka anaangukia godoro. Wewe ukianguka utaangukia sakafu. Sisemi hivyo kumpunguzia sifa, maana watoto wa wakubwa ni wengi na Oscar hawana. Nasema kwa sababu wanaosimulia habari zake huruka hapo, nawe ukapanga maisha yako kwa hesabu isiyo yako.

Kinachonifanya mimi nimpende ni namna anavyokataa.

Alianza na la ngozi. Februari 2014, siku chache kabla ya Oscar, alihutubia wanawake weusi wa Hollywood katika hafla ya jarida la Essence. Alieleza kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe zaidi, kila asubuhi anakimbilia kioo, kila asubuhi anakuta ni yuleyule. Mpaka alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini, mweusi tititi, akisifiwa na dunia nzima. Na mama yake, Dorothy, alikuwa akimwambia kwamba uzuri hauliwi, haumshibishi mtu. Mama yule nampa mkono. Wewe mwenyewe unajua wangapi darasani kwenu walikuwa wanajipaka mkorogo, na katika kazi unayoitaka hutakosa mtu wa kukushauri "ujing'arishe kidogo kwa ajili ya kamera". Akikuambia hivyo, chukua mkoba wako uondoke.

Sasa hili la pili nitaliandika kirefu. Mwaka 2011, akiwa bado mwanafunzi Yale, alikutana Berlin na Harvey Weinstein, mtayarishaji aliyeogopwa Hollywood nzima. Mwanamke mmoja aliyekuwa mezani, mtayarishaji naye, alimdokezea kwamba ni mtu wa kumjua katika kazi hii, ila awe mwangalifu. Baadaye Weinstein akamwalika kwake Connecticut, kutazama filamu pamoja na watoto wake. Wakapitia mgahawani kwanza. Lupita akaagiza juisi. Weinstein akamtaka mhudumu amletee vodka na soda isiyo na sukari. Lupita akasema hapana, juisi. Wakavutana, mpaka yule bwana akamwambia mhudumu alete anachoambiwa, kwa kuwa anayelipa ni yeye. Glasi ikaja, ikawekwa kando ya maji. Lupita akanywa maji. Akaulizwa mbona hanywi. Akajibu kwamba vodka haipendi, soda ile haipendi, na vikiwa pamoja navyo havipendi. Akaambiwa atainywa tu. Akatabasamu, akasema hainywi. Weinstein akachoka, akamwita mkaidi.

Haya aliyaandika mwenyewe katika New York Times, Oktoba 2017. Upande wa Weinstein ulisema mwenyewe anayakumbuka tofauti. Huko nyumbani, filamu haijafika mbali, Weinstein alimtoa Lupita kwenye chumba walimokuwa watoto, akampeleka chumbani kwake akitaka kumkanda mwili. Binti aliona heri yeye ndiye amkande Weinstein, ili ajue mikono ya yule mtu iko wapi. Weinstein alipotaka kuvua suruali, Lupita akaondoka. Safari nyingine, New York, akatakiwa apande chumba cha juu wamalizie chakula huko, akakataa. Alipouliza kama wanaachana kwa wema, Weinstein alimjibu kwamba kuhusu kazi ya Lupita hajui, ila binti mwenyewe atakuwa salama.

Soma tena kile kisa cha glasi. Watu wa aina ile hawaanzi na chumba cha kulala. Wanaanza na kitu kidogo ambacho ukikikataa utaonekana huna adabu, kinywaji, lifti, picha moja tu ya ziada. Sisi tumekulea uamkie wakubwa na uwaitikie, na adabu hiyo naitaka uendelee nayo, lakini mkubwa anayekuchagulia unachokunywa huna deni lake. Februari 2024 Lupita alikuwa tena Berlin, safari hii akiwa rais wa jopo la majaji wa tamasha la filamu la huko, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti kile.

Ungedhani baada ya Oscar milango yote ilifunguka. Ameeleza mwenyewe kwamba alitarajia sehemu za kuongoza filamu, akaletewa watumwa wengine. Mmoja wao, eti safari hii yumo kwenye meli ya watumwa. Akakataa. Akaenda kuigiza sauti na miondoko ya Maz Kanata kwenye Star Wars ya 2015, kiumbe kikongwe chenye miwani mikubwa, sura ile iliyokuwa ikisifiwa kila mahali isionekane kabisa. Akaenda kwenye jukwaa la New York kucheza Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia, wakati kila mtu alitaka kumwona kwenye filamu kubwa. Queen of Katwe akacheza mama wa Kampala anayehangaika na watoto, na hapo mimi nilimwamini kuliko popote. Black Panther ilikuja 2018, miaka minne baada ya ile tuzo. Na si kila alichokishika kilisimama: mfululizo wa Americanah, kutoka riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, alioupigania kwa miaka ulikufa 2020 kabla hata haujapigwa.

Halafu kuna la lafudhi, ambalo litakufaa, maana nimesikia ulivyoanza kuzungumza tangu uhamie Nairobi. Yale alijifunza kuongea kama Mmarekani ili apate kazi. Wakati wa kuitangaza 12 Years a Slave aliamua kwamba kwenye mahojiano atarudi kuongea kama binti wa Kenya, na haikuwa rahisi, kwani sauti ile ya kwanza ilikuwa imeshamponyoka. Kwa hiyo jifunze lafudhi zote wanazozitaka, ila ukinipigia simu mimi ongea kama mwanangu.

Ya moyo nitayagusa tu. Oktoba 2023 alitangaza kwamba ameachana na mwenzake, akasema penzi lile limezimwa na udanganyifu. Hakutukana mtu. Wakati huohuo akamchukua paka, Yoyo, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akiogopa paka mpaka akahitaji kusaidiwa ili aweze kucheza na paka kwenye A Quiet Place: Day One. Hilo lilinichekesha na kunifurahisha. Lililonigusa zaidi ni la 2025, alipofichua kwamba mwaka uleule wa Oscar aligundua ana fibroidi, yaani uvimbe, 30 kwenye kizazi. Thelathini! Sisi tulikuwa tunashangilia gauni. Wewe maumivu yako ya mwezi umeyazoea na hutaki kwenda hospitali. Shangazi yako nimeshamwambia akupeleke, usimbishie.

Sasa masharti yangu. Chuo Kikuu cha Kenyatta wanafundisha maigizo na filamu, na cheti utakileta nyumbani, kwa sababu mwenye kitu kingine mkononi hukataa kwa sauti kubwa zaidi. Uhasibu chukua hata kozi fupi ya jioni. Waigizaji wanaojua kusoma hesabu za malipo yao ni wachache na hao hawapunjwi. Usaili ukiwa Ukumbi wa Taifa au ofisi inayojulikana, mchana, nenda. Ukiwa hotelini au nyumbani kwa mtu, huendi, hata kama aliyekuita ana jina la kujaza ukurasa. Mkataba wowote, kabla hujaweka sahihi, upigie picha umtumie mjomba wako, yeye hizo lugha za mahakamani anazielewa. Na siku ukikataa kitu kikakugharimu kazi, mimi ndiye wa kwanza kupigiwa, saa yoyote.

Baba yako niachie mimi. Anachoogopa si uigizaji, ni majirani, na majirani nitawamudu. Fomu za kujiunga nitumie picha leo hii ili nijue karo ni kiasi gani, na usimwambie bei kabla yangu.

Mama yako